Kabla ya Kushusha Giaboksi: Kwa Wanaoanza Ufundi wa Magari

Ninyi mnaoanza kazi gerejini mtalisikia neno moja kutoka kwa wenye magari kuliko mengine yote: "Giaboksi imekufa." Baada ya miaka mingi ya kufanya kazi hii hapa Industrial Area, Nairobi, nimejifunza kulipokea neno hilo kama daktari ampokeavyo mgonjwa anayeingia akisema ana malaria. Huenda anayo, lakini apimwe kwanza. Magari mengi ya otomatiki niliyoletewa kwa maelezo hayo yaliondoka hapa na giaboksi ileile yaliyokuja nayo.

Somo hili lilinigharimu. Nilipokuwa mwanagenzi, tuliletewa Toyota Corolla ya miaka ya 1990 ambayo ilichelewa kubadilisha gia, na ilipobadilisha, ilishtuka. Mshale wa spidi nao ulikuwa ukirukaruka, jambo ambalo mwenye gari alilitaja kwa sauti na sisi tukalipuuza. Mimi na mwenzangu tulishusha giaboksi, tukaifungua, tukakosa kilichoharibika, tukairudisha, na gari likaendelea na tabia zake. Siku ya tatu fundi wa umeme, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, aliinua boneti na kuufuata kwa kidole waya unaotoka kwenye sensa ya spidi, kifaa kinachoiambia kompyuta kasi ya gari. Ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi shaba ikaonekana. Matengenezo yalimchukua nusu saa. Mwenye gari alilipia nusu saa hiyo tu, na zile siku mbili zikawa karo yetu.

Sababu yake ni rahisi mkishaielewa. Kompyuta ya gari huamua wakati wa kubadilisha gia kwa kutazama hasa mambo mawili, yaani gari linakwenda kasi gani na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ikinyimwa habari ya spidi, au ikipewa ya uongo, itatoa amri mbaya kwa giaboksi nzima kabisa. Kwa hiyo mshale wa spidi ukifa siku ileile gia zinapoanza kukosea, anzeni na sensa na waya zake.

Taa za dashibodi nazo zina lugha yake. Katika Toyota za zamani, taa ya O/D OFF (overdrive, yaani gia ya juu kabisa, imezuiwa) ikiwaka bila kupepesa, maana yake ni kwamba kitufe kilicho kwenye mkono wa gia kimebonyezwa, basi. Nimewahi kumpokea mteja aliyelalamika kwamba injini inanguruma kwenye Thika Road na petroli inaisha upesi, kumbe kijana aliyeosha gari ndani alikigusa kitufe hicho, na gia ya nne ikazuiwa kwa wiki nzima. Ikipepesa yenyewe, hiyo ni habari nyingine: kompyuta imeona hitilafu katika umeme wa giaboksi na imeihifadhi.

Kwa gari lenye soketi ya OBD-II, yaani mfumo wa kisasa wa gari kujichunguza, tumieni mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu. Msimbo P0700 hausemi kilichoharibika. Unasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, kwa hiyo tafuteni msimbo wa pili ulio pamoja nao. P0715 huhusu sensa ya mzunguko unaoingia kwenye giaboksi, P0720 ule unaotoka, P0740 klachi ya konveta (kiungo cha injini na giaboksi), na P0750 solenoidi A ya kubadilishia gia, yaani vali ya umeme inayoongoza oili. Kwa Toyota nyingi zilizotangulia mfumo huo, kuna kisanduku kidogo chini ya boneti ambamo mtaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON, injini ikiwa imezimwa na O/D ikiwa haijazuiwa, kisha mtahesabu mipepeso ya taa. Mipepeso minne, kituo kifupi, halafu miwili ni 42, yaani sensa ya spidi. 62 na 63 ni solenoidi ya kwanza na ya pili. Andikeni misimbo yote kabla ya kuifuta. Anayefuta kwanza amechoma barua kabla ya kuisoma.

Hata hivyo, msimbo wa solenoidi si ruhusa ya kwenda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, kununua solenoidi. Kompyuta huona njia nzima ya umeme: waya, plagi, kutu ndani ya plagi, na solenoidi yenyewe mwishoni. Pimeni kwa multimeta, kile kipimo cha umeme. Katika Toyota hizo, solenoidi ya kubadilishia gia ikiwa baridi husoma kati ya omu 11 na 15. Ikiwa iko ndani ya kiwango hicho, rudini kwenye waya. Pimeni na betri pia, kwa sababu chaji iliyo chini ya volti 13 injini ikiwa inazunguka inaweza kuleta misimbo ya ajabu.

Oili ya giaboksi itazameni ikiwa imepata moto, gari likiwa mahali tambarare, injini ikizunguka, baada ya kupitisha mkono wa gia polepole kutoka P hadi L na kuurudisha. Honda nyingi ni tofauti. Zenyewe hupimwa mara tu baada ya kuzimwa. Rangi nyekundu ni njema, na kahawia ni uzee. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe chembe ni klachi zilizokwisha, na hapo mwenye gari alikuwa na haki. Ikifanana na maziwa ya stroberi, maji ya rejeta yameingia. Msiiwashe injini tena hadi njia yake ipatikane. Msichanganye aina: giaboksi iliyoandikiwa T-IV, aina ya oili ya Toyota, ipewe T-IV, na CVT, yaani giaboksi inayobadilisha kasi bila hatua za gia, ipewe oili ya CVT peke yake. Giaboksi iliyokwisha kuanza kuteleza mimi siisafishi kwa mashine ya kusukuma oili, hata mteja akisisitiza, maana ikifa mikononi mwangu atasema niliiua mimi.

Yapo mengine yanayojifanya giaboksi. Gari linalopiga kishindo ukiweka D au R huenda lina mauntingi ya injini (mpira unaoishikilia) iliyokatika. Gari linalotetemeka likipanda Waiyaki Way huenda lina plagi moja ya moto isiyofanya kazi. Mkono wa gia ukikwama kwenye P, tazameni kwanza kama taa za breki zinawaka, kwa kuwa swichi ya pedali ya breki ndiyo inayoufungua.

Baada ya kurekebisha, endesheni gari hadi lipate moto kweli, ikiwezekana kwenye msongamano wa Mombasa Road saa za jioni, kwa kuwa solenoidi nyingi hukosea zikiwa zimechemka tu. Mwenye gari akae kando yenu, awaonyeshe mahali alipokuwa akiisikia ile hitilafu, kisha msome misimbo upya mkirudi.