Uliza Fundi: Kundi lina watu 23, fundi nondo hayumo

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msimamizi wa ujenzi wa nyumba ya ghorofa moja huku Kange, Tanga. Mhandisi yuko Dar es Salaam, mwenye nyumba yuko Maskati, sisi tuko saiti. Tumefungua kundi la WhatsApp, tuko watu 23, lakini makosa hayaishi. Mwezi huu dirisha la jikoni tumelijenga, tukalibomoa, kisha tukalirudisha palepale pa mwanzo, kwa sababu mwenye nyumba alimtumia fundi ujumbe wa sauti na mhandisi hakuwa na habari. Mdogo wangu ananishauri nilipie programu ya kusimamia ujenzi, malipo ya kila mwezi. Nilipie? (Msimamizi kijana, Kange)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujatoa hata senti, kamwangalie fundi wako wa nondo ana simu gani. Wengi niliofanya nao kazi hapa Tanga wana kitochi: cha kupiga, kupokea na kutumiana pesa. Kama wako ni hivyo, basi katika watu wako 23 yumo shemeji wa mwenye nyumba, yumo muuza vigae, lakini anayekata nondo na kufunga ringi za kuzishikilia hayumo. Hiyo programu nayo itampita vilevile.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2016 nilikuwa nasimamia nyumba Raskazone, imeelekea bahari. Mhandisi akiwa Dar akatuma sauti ya nusu dakika: nguzo mbili za mbele ziwekwe nondo za milimita 16 badala ya 12. Kijana wangu akaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni isiingie vumbi la saruji, mikisa inaunguruma hatua tano kutoka pale, mafundi wameinama wanasikiliza. Wakaitikia. Wakafunga nondo za 16 kwenye nguzo mbili za upande wa bahari, maana kwao mbele ya nyumba ni kule unakotoka upepo, kule linakotazama baraza. Mhandisi, aliyekuwa na mchoro mezani, mbele yake ilikuwa barabarani, ambako nguzo zinabeba boriti ndefu juu ya maegesho ya gari. Alipokuja Jumatatu zege lilikuwa limekwisha kukauka.

Piga hesabu mwenyewe. Nguzo yenye nondo nne za 12 ina chuma cha milimita za mraba 452. Nne za 16 zinakupa 804. Pengo hilo plasta hailizibi. Tulivunja nguzo mbili kwa tindo na nyundo siku nne, na kila uliyemuuliza alikuwa anasema kweli: mhandisi alituma, kijana alifikisha, mafundi walitenda. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta mbao, niliporudi nikaambiwa "wameshaelezwa", nikaridhika. Hilo ndilo kosa langu na bado linaniuma.

Tangu hapo neno "mbele" silitaki saitini kwangu. Mchoro una mistari yenye herufi upande mmoja na namba upande mwingine. Mstari C unapokutana na mstari 3, hiyo ni nguzo C3. Iandike C3 kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa nguzo yenyewe, kubwa, isomwe na mtu aliyebeba karai kichwani. Hapo hata mwenye kitochi ukimpigia mnazungumzia kitu kimoja. Saa nayo iandike kwa ukamilifu. Nimewahi kuona mhandisi mgeni akiandika "zege saa 4", yeye akikusudia saa 10 yetu ya jioni. Vibarua wakafika asubuhi wakakaa kivulini mchana kutwa, na siku yao ililipwa.

Sasa hilo dirisha la jikoni. Mwenye nyumba ana haki ya kubadili mawazo, pesa ni zake. Hana ruhusa ya kumwagiza fundi. Mpigie leo, umwambie kwa heshima kwamba analolitaka aliseme kwa mhandisi, mhandisi akuletee wewe, na wewe ndiye umwambie fundi. Akilalamika kuwa ni mzunguko mrefu, mkumbushe gharama ya kubomoa dirisha. Kundi la WhatsApp libaki kwa picha za maendeleo na salamu. Amri zisipite humo, kwa sababu saa 3 asubuhi inatumwa amri, na saa 5 imeshafunikwa na pole za msiba na matokeo ya mpira.

Amri ikishakufikia, iandike. Nunua kitabu cha kurasa zenye kaboni, nakala moja kwako, nyingine kwa mhandisi akija, na kila mmoja atie sahihi. Simu huanguka kwenye pipa la maji, nimeona mbili zikienda hivyo. Mchoro mpya ukija, angalia kisanduku cha pembeni, mara nyingi chini kulia, chenye herufi ya toleo na tarehe. Ule wa zamani upige msalaba mwekundu na uutoe ukutani siku hiyohiyo. Mwambie pia mhandisi autume kama dokumenti, si kama picha. WhatsApp hubana picha, na kwenye mchoro uliobanwa 3 na 8 ni ndugu. Kisha nenda mjini ukauchapishe kwenye karatasi kubwa. Karatasi ya A1 ni milimita 841 kwa 594, watu wanne wanaizunguka na kunyooshea kidole. Kioo cha simu kinatazamwa na mmoja.

Kuna jambo nililojifunza kabla ya simu hizi. Mwaka 1986 nilikuwa kijana, tunajenga nyumba za wafanyakazi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Ofisini kulikuwa na simu ya upepo. Akisema mmoja, mwingine ananyamaza. Mkibonyeza wote wawili hakuna anayesikia. Karani hakukubali kufunga maongezi mpaka wa upande wa pili arudie alichoambiwa, neno kwa neno: mifuko mingapi, lori lipi, siku gani. Fanya hivyo na fundi wako. Usimuulize "umeelewa?", atakujibu ndiyo hata kama hajaelewa, maana kwetu mkubwa haambiwi hapana. Muulize: "Unaanza na nguzo ipi? Unaweka nondo gani? Ringi zinaachana kiasi gani?" Akikujibu sawasawa, ujumbe umefika.

Mahali simu inapokufaa kuliko kitu chochote ni kabla ya kumwaga zege. Zege likishafunika nondo hakuna jicho litakaloziona tena. Piga picha nguzo moja moja, futi ya chuma ikiwa imelazwa kwenye nondo namba zionekane, jina la nguzo lisomeke, mtumie mhandisi, usubiri. Tiki mbili za buluu zinasema tu kuwa amefungua. Usimwage mpaka aandike kwa mkono wake kwamba C3 imekubaliwa. Asipojibu mpigie, na asipopokea ahirisha. Ukianza mambo haya na yakazoeleka, ndipo programu itakuwa na la kukusaidia, hasa kuhifadhi matoleo ya michoro.

SWALI: Mwanangu ni saidia fundi kwenye jengo la ghorofa tatu. Msimamizi amekataza simu kwenye jukwaa, simpati mchana kutwa. Ni haki? (Mama wa Duga)

JIBU: Ni haki, dada yangu. Anayepokea simu juu ya jukwaa ameshikilia kwa mkono mmoja, na akili yake imeshuka kwako chini. Lakini saiti lazima iwe na namba moja ya stoo au ya mlinzi, ambayo wewe uwe nayo, na daftari la waliokuja kazini liwe na namba ya ndugu wa kila mmoja. Hilo kalidai. Nilimpeleka kijana mmoja hospitali ya Bombo amevunjika paja, hajitambui, simu yake imefungwa kwa mchoro wa kidole, na sisi tulimjua kwa jina moja tu la utani. Tulikaa kwenye benchi tangu saa 5 asubuhi bila kujua wa kumwambia. Saa 12 jioni simu yake ikaita mfukoni mwangu, kwenye kioo imeandikwa "Mama".