Galaxy A54 iliyotumika: ukague nini kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza kama simu ya Samsung Galaxy A54 (toleo la 2023) iliyotumika bado inafaa. Inafaa, mradi betri haijachoka. Ni ya 5,000 mAh na inapokea chaji ya wati 25 tu, hivyo chaja ya wati 65 haitaiongezea kasi. Cheza video dakika 20, mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa: chaji ikishuka zaidi ya asilimia 8 au kuruka ghafla, dai punguzo la bei ya betri mpya.

Kisha piga *#0*#, menyu ya kupima skrini itafunguka, uangalie rangi moja moja. Mstari wa kijani maana yake skrini inakufa, achana nayo. Mgongo ni wa kioo. Ukishafunguliwa, gundi haizibi kama mwanzo, kwa hiyo usiiamini IP67 (kinga ya maji na vumbi).

Kamera kuu ya MP 50 ijaribu gizani. Picha ikitetemeka umeshika imara, kitulizi cha lenzi kimeharibika. Ile makro ya MP 5 (kamera ya vitu vya karibu sana) ni pambo tu.

Prosesa yake, Exynos 1380, inatosha kazi za kawaida. Chagua yenye RAM ya GB 8. Kama uko Tanzania, piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu), uitume kwa SMS kwenda 15090 kuhakiki kama simu ni halisi.