Kwa nini Le Chambon-sur-Lignon iliweza kuwaficha Wayahudi wengi

Je, ni milima iliyowaokoa Wayahudi waliojificha Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha Ufaransa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia? Ilisaidia, tena sana. Kijiji kiko nyanda za juu za mkoa wa Haute-Loire, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Lignon. Mashamba yametawanyika, misitu iko jirani, na kipindi cha baridi theluji hufanya njia zipitike kwa shida. Habari za msako zikifika, mgeni alikuwa na pa kukimbilia.

Ila mimi naona sababu kubwa ni watu wenyewe. Wengi walikuwa Waprotestanti, kizazi cha waliosakwa baada ya Louis XIV kufuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, mwaka 1685. Habari za babu zao walizijua. Juni 1940, Ufaransa iliposalimu amri kwa Ujerumani ya Hitler, wachungaji André Trocmé na Édouard Theis waliwahimiza kanisani wapinge dhuluma bila bunduki. Wakulima wakapokea familia nzima, watoto wakasoma shule za pale kwa vitambulisho vya kughushi.

Gharama ilikuwepo. Daniel Trocmé, mlezi wa mabweni na binamu wa mchungaji André, alikamatwa pamoja na wanafunzi wake Juni 1943. Alifia Majdanek, kambi ya Wanazi nchini Poland, mwaka 1944.