Jibu: Siku nzima mnafanya nini katikati ya bahari?

Mkuu, umeuliza watu wawili kwenye mashua ya tanga ya mita 10 wanapitishaje siku kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibi, na kama hawachoki kukaa bure. Kukaa bure kwenyewe ni nadra. Kinachosumbua ni usingizi.

Njia ni maili za baharini kama 2,700, wiki tatu hivi kwa chombo kidogo, na usiku lazima mmoja awe macho. Mnapokezana zamu za saa tatu tatu. Usukani unashikwa na mtambo. Wewe unatazama taa za meli na mawingu ya dhoruba. Meli kubwa uliyoiona kwenye upeo inaweza kukufikia ndani ya dakika 20, kwa hiyo usijidanganye na kulala "kidogo tu".

Asubuhi unakagua kamba. Upepo unatoka nyuma, chombo kinayumba kushoto kulia bila kupumzika, na kamba inayosuguliwa pale pale mchana kutwa itakatika. Ukiwa huko juu unaokota samaki warukao waliotua usiku. Harufu yao, acha tu.

Kupika ndiyo kasheshe. Jiko linabembea kufuata mwendo, ila chai ya moto haina adabu, vaa suruali nzito. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari. Maji matamu ni ya kunywa.

Kuhusu mwezi wa kuondoka, wengi husubiri mwisho wa Novemba, vimbunga vikishapita.