Nyumba za bei nafuu zikija mtaani, wapangaji wa zamani waulize nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaa wetu, ambao kwa miaka mingi umekaliwa na wapangaji wa kipato kidogo, umetengewa mradi wa nyumba za bei nafuu, na majengo tunayoishi yatabomolewa. Baadhi ya majirani wanaupokea mradi kwa furaha, wengine wanasema ndio mwanzo wa kuondolewa kwetu. Je, tuulize nini kabla ya kuukubali?
Mpangaji

JIBU: Ndugu msomaji, pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu mradi wa namna hii huamuliwa na masharti yake kuliko jina lake. Anzeni kwa kuuliza bei hiyo imepangwa kwa kipato cha nani. Nchini Marekani, kwa mfano, viwango vya miradi mingi hupimwa kwa kipato cha kati cha jiji zima pamoja na viunga vyake, hivyo mtaa wa vibarua ukihesabiwa pamoja na viunga vya matajiri, nyumba inayotangazwa kuwa nafuu huweza kuwashinda wale wale waliohamishwa ili ijengwe.

Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi na ndilo husahauliwa, ni la muda. Mpango mkuu wa Marekani wa kuwapa wajenzi nafuu ya kodi ya serikali, ulioanzishwa mwaka 1986, uliwafunga kwa masharti ya pango kwa miaka 15 tu; miradi iliyofuata kuanzia mwaka 1990 ikatakiwa kudumu angalau miaka 30. Muda huo ukiisha, na kama hakuna sharti jingine, mwenye jengo yuko huru kupandisha pango hadi bei ya soko, na mara nyingi hufanya hivyo wakati ambapo mtaa umekwisha kupanda thamani na mpangaji hana pengine pa kwenda karibu. Vienna, mji mkuu wa Austria, ilikwenda njia nyingine: tangu miaka ya 1920 jiji limejenga nyumba zake lenyewe na kuendelea kuzimiliki, na leo takribani nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za jiji au za vyama vya ujenzi ambavyo faida yake imewekewa mipaka kisheria. Kwa hiyo ulizeni ardhi itabaki kwa nani. Pale ambapo serikali haiko tayari kuimiliki, ipo amana ya ardhi ya jamii, iliyoanza katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1969, ambapo chama cha wakazi hushika ardhi, familia humiliki nyumba, na anayeuza hufuata kanuni ya bei iliyokubaliwa ili anayefuata naye aimudu.

Wapo watakaowaambia kwamba udhibiti wa pango, yaani sheria ya kuzuia pango lisipandishwe kupita kiasi, peke yake unatosha. Jiji la San Francisco, Marekani, liliupanua mwaka 1994 hadi kwenye majengo madogo ya zamani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wapangaji waliolindwa walibaki kwenye makazi yao zaidi ya wengine, lakini wenye nyumba walipunguza nyumba za kupangisha katika majengo hayo kwa asilimia 15. Mimi siubezi ulinzi huo, maana kwa mzazi mwenye watoto shuleni kubaki mtaani ni jambo kubwa. Ila bila ujenzi mpya, gharama yake humwangukia anayetafuta nyumba kesho.

Kuhusu ubomoaji, msiridhike na ahadi ya mdomo. Haki ya kurudi iandikwe kwenye mkataba, ikitaja kila kaya, ukubwa wa nyumba, pango litakalolipwa na mahali pa kuishi wakati wa ujenzi. Yadaini haya kabla kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi hakijatolewa, kwa kuwa kibali kikishatoka thamani ya kiwanja hupanda na nguvu yenu ya kujadiliana hupungua sana. Mnaweza pia kudai kura: tangu Julai 2018, miradi mikubwa ya London inayobomoa nyumba za jamii, yaani zile za pango la chini kwa wenye kipato kidogo, kwa kutumia fedha za Meya wa jiji hilo hutakiwa kwanza kuungwa mkono na wakazi wenyewe kwa kura, na wapangaji wa nyumba hizo ni miongoni mwa wapigakura.