Fundi wa jengo anayetaka kufika mezani kwa wakurugenzi

Vijana wanaonitafuta kuuliza namna ya kupanda katika kazi ya usimamizi wa majengo huanza na vyeti. Vyeti vina faida yake. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha fani hii, na kiwango cha kimataifa cha ISO 41001 kipo tangu 2018, kitafute, ukisome. Lakini kwa niliyoyaona kwenye maghorofa ya ofisi ya Dar es Salaam, wanaovuka kutoka chumba cha jenereta hadi chumba cha mikutano ni wale wanaojua pesa ya jengo inaingilia wapi na inatokea wapi.

Anza na bili ya umeme. Wateja wakubwa wa TANESCO, wa daraja la T2 na T3, hawalipii uniti pekee. Hulipia pia kilele cha matumizi yao ya mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme walichovuta kwa wakati mmoja, kinachopimwa kwa kVA. Sasa fikiria umeme umekatika, umerudi, na viyoyozi vya ghorofa zote vikawaka kwa mkupuo. Dakika chache hizo zinaweza kupandisha kilele ambacho mwenye jengo atakilipia. Fundi anayepanga mitambo iwashwe kwa zamu ameokoa pesa bila kununua hata kipuri kimoja. Tatizo ni kwamba wengi wanafanya hivyo na hawamwambii mtu. Weka bili za mwaka mzima pamoja, onyesha kilele kilivyoshuka, andika ukurasa mmoja kwa shilingi, umpelekee mkuu wa fedha. Yeye hasomi habari za kompresa, anasoma shilingi.

Kisha omba kusoma mikataba ya pango. Watakushangaa, omba tu. Humo ndimo utakapojua nani analipia dizeli, nani anatengeneza kiyoyozi cha ndani ya ofisi, mita za mraba zimehesabiwa pamoja na korido au bila korido, na mpangaji anatakiwa kutoa notisi ya muda gani. Ugomvi mwingi wa gharama za huduma unaanzia hapo. Ofisi nyingi mjini zilipangishwa kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, suala la kodi ya pango likarudi mezani. Meneja aliyekuwa na orodha ya mikataba yake, na tarehe za kuisha, alikuwa na la kusema siku hiyo. Hali ni hiyo hiyo Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma: swali la kila mwenye jengo lenye ofisi za umma lilikuwa nani anaondoka, lini, na nafasi yake itajazwa na nani.

Kuhusu watu, hili naliamini kwa dhati: huwezi kuongoza jengo usilolijua kupitia kwa wasafishaji na walinzi wake. Dada anayepiga deki ghorofa ya nane ndiye wa kwanza kuona dari inavuja. Mlinzi wa zamu ya usiku anajua pampu inayonguruma vibaya. Wasalimie kwa majina, waulize, na wakikupa taarifa ishughulikie ili wakupe nyingine. Nimewaona mameneja wenye shahada mbili wakipata habari za jengo lao kutoka kwa mpangaji aliyekasirika, na hilo linaumiza, kwa sababu taarifa ilikuwepo tangu wiki iliyopita chini ya ngazi.

Ukaguzi wa OSHA, wasimamizi wa usalama na afya mahali pa kazi, na wa Zimamoto usimwachie mtu mwingine. Tembea na wakaguzi, andika wanachouliza, rekebisha kabla hawajarudi.

Na kampuni yako ikitaka kuhamisha ofisi, jitolee kusimamia uhamisho huo hata kama si jukumu lako. Ni kazi ngumu, ila ndani yake kuna mkataba, bajeti, wakandarasi, nyaya za mtandao na wafanyakazi wenye wasiwasi. Ukiimaliza salama, wakurugenzi watakuwa wamekufahamu kwa kazi uliyoifanya mbele ya macho yao.