Jibu: Maji yaliendeleaje kutoka wakati wa Korona?

Ndugu yangu, umeuliza kampuni za maji ziliwezaje kufanya kazi ilhali watu waliambiwa wakae nyumbani. Mimi nilikuwa zamu kwenye kituo cha pampu hapa Pwani ya Kenya, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Pampu haziendeshwi kwa simu. Tuligawanywa makundi mawili yasiyokutana kabisa: sisi tukitoka, daftari la zamu tunaliacha mezani, na wenzetu wakiingia wanafuta kila mpini wa vali kwa jiki kabla ya kuugusa. Maji yenyewe hayakututia hofu, maana klorini inaua virusi hivyo. Tulichoogopa ni waendesha mitambo wote kuugua wiki moja, na kazi hii huwezi kumwokota mtu njiani akaishika.

Tarehe 8 Aprili 2020 Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini kila pipa la klorini tulilihesabu.

Palipouma zaidi ni pesa. Hoteli, walipaji wakubwa, zilifungwa. Majumbani watu wananawa mikono kutwa na mfukoni hamna kitu. Ghana serikali ilibeba bili za Aprili hadi Juni, na naona ndivyo inavyopaswa: kampuni isipofidiwa, umeme wa pampu utalipwa na nani?

Kama kwenu mnapanga, anzeni na akiba ya klorini na namba za simu za mafundi waliostaafu.